Mtoto, Udongo na Askari wa Mwili

Yako maswali ambayo huonekana madogo mpaka nyumbani pawe na mtoto mchanga. Mojawapo ni hili: je, mtoto aachwe atambae uwanjani, ashike udongo, awe karibu na mbuzi na ndama, na kupakatwa na kila jirani ajaye kutoa hongera, au awekwe ndani juu ya zulia, mlango ukiwa umefungwa na mikono yake ikipanguswa kwa dawa kila saa? Hapa kwetu Tarime, na kwa ndugu zetu walioko Mugumu katika wilaya ya Serengeti, zamani swali hili halikuulizwa, kwani nyumba na zizi vilikuwa katika ua mmoja, na mtoto aliamshwa na sauti ya ng'ombe. Leo laulizwa, tena kwa ukali, kwa sababu vijana wetu wanaoa na kuolewa Mwanza na Dar es Salaam, wanazaa huko, na wajapo likizo huja na desturi za huko pamoja na chupa zake.

Sisi hatuoni vema jambo hili likatwe na yule mwenye sauti kubwa kuliko wenziwe nyumbani. Wataalamu wamelishughulikia miaka mingi, na baadhi ya kazi yao imefanyika hapa hapa Afrika Mashariki, hata katika wilaya yetu wenyewe. Basi tumejitahidi kuyasoma waliyoyaona, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mtoto azaliwapo, Mwenyezi Mungu amekwisha kumpa askari wa mwili, yaani zile chembe nyeupe za damu. Lakini askari hao ni kuruta. Wana silaha, bali hawajui ni nani adui na ni nani mgeni mwema. Hawajui kwamba chavua ya maua haina madhara, wala vumbi la godoro, wala manyoya ya paka, wala karanga. Mafunzo yao hufanyika zaidi katika utumbo, ambako wengi wao hukaa, na waalimu wao ni vijidudu visivyohesabika ambavyo huanza kuingia mwilini siku ile ile ya kuzaliwa: kwanza kutoka kwa mama katika njia ya uzazi, kisha katika ngozi yake na maziwa yake, kisha kutoka kwa ndugu, hewa, udongo na wanyama. Katika maziwa ya mama mna sukari za namna ya pekee ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Kwa muda mrefu watu hawakujua zina kazi gani. Sasa imejulikana kuwa ni chakula cha bakteria wema waliomo utumboni mwa mtoto, kana kwamba mama anamlisha mwanawe na waalimu wa mwanawe kwa mara moja. Tulipolisoma hili tuliikumbuka ile miaka miwili kamili ambayo Qur'ani imewatajia akina mama watakao kukamilisha kunyonyesha, na tukaona huruma wale watoto wanaokatizwa ziwa mwezi wa 3 kwa sababu tu ya kopo lililopambwa picha nzuri.

Tena katika askari hao wamo ambao kazi yao si kupigana, bali kuwazuia wenzao wasipigane ovyo. Hawa nao hufundishwa. Bakteria wa utumboni wanapokula zile nyuzi za mboga, kunde na nafaka ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, hutoa tindikali laini ambazo huwaongeza hao watulizaji. Mtoto akikosa watulizaji wa kutosha, askari wake humshambulia kila apitaye. Hapo ndipo hutokea pumu, ukurutu wa ngozi, macho yenye kuwasha na mafua yasiyokwisha. Mambo ambayo kwa jina moja huitwa mzio.

Aliyewafanya watu wa Ulaya walitazame jambo hili kwa makini ni daktari wa Uingereza aitwaye David Strachan. Mwaka 1989 alichapa makala fupi juu ya habari za watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa nchini humo katika juma moja la Machi 1958, ambao walifuatwa hata wakawa watu wazima wa miaka 23. Aliona kwamba mwenye ndugu wengi, na hasa mwenye wakubwa zake wengi, hakupatwa sana na mafua ya chavua. Akauliza kama huenda ndugu hao, kwa kuambukizana maradhi madogo madogo nyumbani, walikuwa wakikingana na ugonjwa mwingine. Watu wakaipokea dhana hiyo kwa pupa, na wengine wakaigeuza kuwa sifa ya uchafu. Hapo ndipo palipoingia kosa ambalo mpaka leo lasikika. Mwaka 2003 mtaalamu mwingine wa London, Graham Rook, alilisahihisha kwa kusema kwamba waalimu wa kweli si surua wala kipindupindu, bali ni wale vijidudu waliokaa na wanadamu tangu zamani za kale, wa udongoni, wa mifugo na wa miilini mwetu. Akawaita marafiki wa kale. Jina hilo limetupendeza.

Mwaka 2016 ukaja ushahidi mwingine kutoka Marekani. Huko ziko jamii mbili za wakulima, Waamishi na Wahuteri, asili yao ni karibu moja na chakula chao kinafanana. Lakini Waamishi hulima kwa farasi, na mazizi yao yapo karibu na nyumba, na watoto wao huingia humo tangu wachanga. Wahuteri hulima kwa mitambo mikubwa, na mifugo yao iko mbali na watoto. Kwa Waamishi pumu hupata kama watoto 5 katika 100. Kwa Wahuteri kama 21. Wataalamu wakachukua vumbi kutoka nyumba za pande zote mbili, wakawapa panya kulivuta puani: vumbi la Waamishi liliwakinga panya na pumu, la Wahuteri halikuwakinga. Mzee wetu mmoja hapa mtaani, tulipomsimulia habari hii, alicheka akasema kwamba Wazungu wametumia fedha nyingi kuligundua zizi.

Lakini tusiende mbali. Moshi, wataalamu wetu wa Kilimanjaro wakishirikiana na Waholanzi waliwapima watu wazima 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba askari wa mwili wa watu wa mjini ni wepesi zaidi kuwaka, na kwamba chakula kina sehemu kubwa katika tofauti hiyo. Wale waliokula vyakula vya asili, vya mboga, ndizi, kunde na nafaka zisizokobolewa, damu yao ilikuwa tulivu zaidi. Kisha wakaendelea: wanaume 77 wakagawanywa, wa kijijini wakapewa chakula cha kizungu kwa majuma mawili, wa mjini wakapewa cha asili, na kundi la tatu likanywa mbege kwa juma moja. Mwaka 2025 wakasema kuwa majuma mawili tu yalitosha kuonyesha mabadiliko: wa kijijini walianza kuwaka, na wa mjini walianza kutulia. Mbege nayo ilionekana kutuliza, kwa kuwa imechachushwa. Juu ya hilo sisi hatuna la kubishana, ila twasema kwamba wenye kujiepusha na kilevi hawakupungukiwa na kitu, kwani togwa ya siku moja na maziwa ya mgando navyo vimejaa viumbe hai wa kuchachusha, na katika nyumba za Mara vyote viwili havijawahi kuwa vigeni.

Sasa twende ng'ambo ya ziwa letu. Huko Entebbe, Uganda, kuanzia mwaka 2003, wajawazito karibu 2,500 waliingizwa katika uchunguzi wa dawa za minyoo: wengine walipewa dawa, wengine kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba watoto wa mama waliopewa dawa ya minyoo walipatwa zaidi na ukurutu wa ngozi. Watu wakashtuka. Lakini hao hao wataalamu walikwenda visiwa vya Koome, katika Ziwa Victoria, wakawapa wanakijiji dawa za minyoo kwa wingi muda wa miaka mitatu, na mwaka 2019 wakasema kuwa pumu na mzio havikuongezeka. Tunavyoelewa sisi, habari hizi mbili hazipingani. Askari wa mwili wana majira ya kufundishwa, nayo ni tumboni mwa mama na miaka ya kwanza. Majira hayo yakipita, kumwongezea au kumpunguzia mtu minyoo hakubadili sana alichokwisha kujifunza. Na asije msomaji akadhani kuwa tunamsifu mnyoo. Safura hunyonya damu ya mama mjamzito, na mama asiye na damu huweza kufa katika uzazi. Dawa zinazotolewa kliniki zinywewe.

Tumefika kwenye mlango wa nyumba, ambapo ugomvi huanza. Katika nyumba yetu wenyewe yalitokea haya. Mkwe wetu alikuja kutoka Dar es Salaam na mtoto wa miezi 9, mashavu yake yamepasuka kwa ukurutu. Bibi wa nyumba, aliyelelewa milimani katikati ya ng'ombe, akamtoa mtoto nje akamweka chini ya mti. Mkwe akamwambia kwa adabu, "Mama, huu ni uchafu, na uchafu ni maradhi." Bibi akamjibu, "Mwanangu, mumeo alikula udongo huu huu, na kifua chake hakijapiga filimbi hata siku moja." Sisi tuliitwa tuamue. Tukaona kwamba kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya neno, na kwamba kilichokosekana ni kutenga vitu viwili ambavyo sheria yetu imekwisha kuvitenga tangu zamani: udongo na najisi.

Udongo safi si uchafu. Asiye na maji hupiga mikono yake juu yake akatayamamu na kusali. Lakini haja ya mtu ni najisi, na samadi ya mifugo, kwa madhehebu yetu ya Shafii, ni najisi pia. Hatutaki kuifanya ibada kuwa jambo la maabara, wala kudai kwamba twahara iliamriwa kwa ajili ya bakteria. Ibada ni ibada. Twasema tu kwamba mpaka huo ni mpaka mzuri wa kumlelea mtoto, na wataalamu wamefika karibu nao kwa njia yao. Kule Haydom, mkoani Manyara, palifanyika uchunguzi ambao ulifanyika pia katika nchi nyingine saba. Watoto walifuatwa tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, na choo chao kikapimwa hata walipokuwa hawaugui. Ikaonekana kwamba watoto wengi hubeba vijidudu vya maradhi pasipo kuhara, na kwamba wale wabebao vingi zaidi hukua kwa shida na kuwa wafupi. Utumbo unaopigana kila siku hauna nafasi ya kujifunza wala ya kula. Tena hudhaniwa kuwa ndiyo sababu chanjo za matone, kama ile ya virusi vya rota iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hukinga watoto wa nchi zetu kwa kiasi kidogo kuliko watoto wa Ulaya, ingawa hata kwetu zimeokoa wengi.

Kwa hiyo mtoto wetu alikaa chini ya mti, juu ya udongo uliofagiwa na kuchomwa na jua, akashika majani na mawe, akalambwa mkono na mwana-mbuzi. Kabla ya kula alinawishwa kwa maji na sabuni ya kawaida. Kuku, ambao walizoea kulala jikoni, walijengewa banda, kwani kinyesi chao hubeba bakteria wa kuharisha. Maziwa yalichemshwa kwanza, kisha yakagandishwa. Juu ya hili bibi alinung'unika, lakini katika nchi ya mifugo maziwa mabichi huleta homa ndefu yenye kuvunja viungo, na pengine kifua kikuu, na ladha ya kibuyu haina thamani hiyo. Na zile rangi mbili ambazo mkwe alikuwa amenunua duka la dawa kwa ajili ya mafua ya mtoto, pasipo cheti cha daktari, ziliwekwa kando. Dawa ya namna hiyo haitibu mafua ya virusi, ila huwafuta waalimu wa utumboni pamoja na adui, na kuwarudisha si kazi ya siku moja. Ukurutu haukuondoka kwa likizo moja, wala hatukuahidi hivyo.

Kwa upande wa mbwa hatuna maneno mengi. Katika wilaya ya Serengeti kichaa cha mbwa kimeua watu, na tangu mwaka 1996 kumekuwa na kampeni za kuwachanja mbwa vijijini, ambazo zilipunguza sana ugonjwa huo. Hapa hapana mafunzo ya polepole. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima, aende kuchomwa sindano siku ile ile.

Lililo zito kuliko yote tumeliacha hapa, nalo ni la kwetu hasa. Mwaka ule ule wa 1958 walipozaliwa watoto wa Strachan, daktari wa upasuaji wa Kampala, Denis Burkitt, alichapa habari za uvimbe mkali wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili kuelekea kusini wakiuliza hospitali kwa hospitali, wakagundua kwamba ugonjwa hukaa nchi za chini zenye joto na mvua, na hukimbia milima yenye baridi. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr huko London wakaona virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr, na kwa kweli karibu kila mtu duniani huvipata. Huku kwetu mtoto huvipata akiwa bado ananyonya, kwa mate ya wapendwa wake, naye haoni kitu. Mbona basi vigeuke saratani kwa mtoto wa kando ya ziwa?

Jibu la wataalamu limeelekea kwenye malaria. Kenya, walilinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria nyingi, na wa Nandi, milimani. Mwaka 2012 walieleza kwamba wa Kisumu hupata virusi hivyo mapema zaidi, kwa wastani katika mwezi wa 8 wa umri, na wa Nandi katika mwezi wa 9. Na mzigo wa virusi damuni mwa wale wa Kisumu hubaki mkubwa. Malaria ya kurudia rudia huzichochea chembe zile zile ambamo virusi hukaa, zikazaana pasipo kipimo, na huwachosha askari waliopewa ulinzi juu yake. Kila zinapozaana kwa haraka, kosa katika urithi wa chembe huwa karibu. Huyu ni mwalimu apigaye wanafunzi mpaka wakapumbaa.

Na wilaya yetu imo katika historia hiyo. Ilipokuwa ikiitwa North Mara, kabla Rorya haijatengwa nayo mwaka 2007, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizojulikana duniani kwa ugonjwa wa Burkitt. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wote wa chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kila mwezi, ili ionekane kama kuizuia malaria kutazuia na saratani. Wazee wetu wengine bado wanaukumbuka uchungu wa vidonge hivyo. Saratani ikapungua mpaka ikafika chini kuliko ilivyopata kuandikwa. Zoezi lilipokwisha, ikapanda tena. Lakini waliofanya kazi hiyo walikuwa watu waaminifu: walipoichapa mwaka 1989 walikiri kwamba kupungua kulianza kabla ya vidonge, na kwamba malaria yenyewe ilianza kuishinda klorokwini kabla ya mwisho, kwa hiyo hawakudai kuwa wamethibitisha.

Kwa jamaa zetu walioko nyanda za chini kuelekea ziwani yuko kijana ambaye alipokuwa na miaka 6 meno yake ya nyuma yalianza kulegea. Aling'olewa mawili katika zahanati moja. Kwa muda wa siku 10 shavu likawa kama limewekewa chungwa. Mama yake hakungoja tena. Aliuza mbuzi, akampeleka Mwanza, na huko akapata dawa za kuua saratani kwa miezi kadhaa. Uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote, lakini ukiwahiwa husikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona. Yule mtoto alipona. Leo ni fundi wa pikipiki.

Mama huyo alipozaa tena alikuja kwetu na jambo moja moyoni: je, amtenge mtoto mchanga na kaka yake, asimbusu, asile naye sahani moja? Tulimwambia asimtenge. Kaka hakuambukizi saratani, na virusi vile mtoto atavipata kwa yeyote katika wale wampendao. La kushughulikia ni mbu. Akauliza kama chandarua alichopewa kliniki, ambacho alikuwa amekihifadhi sandukuni kisichakae, kinatosha watu wawili kitandani. Tukamwambia kinatosha, ila kichomekwe vema chini ya godoro pande zote, na kaka alalaye mkekani apatiwe chake.